Kumvaa mlinzi kwenye besi: ni mchezo au ni rafu?

*"Mwalimu, salaam. Tunaishi Ohio mwaka wa sita sasa, na kijana wangu wa miaka 15 ameipenda besiboli kuliko soka. Anacheza besi ya pili kwenye timu ya shule. Wiki iliyopita, wakati anageuka kurusha mpira, mkimbiaji wa timu pinzani aliserereka akamvaa mguuni. Besi ilikuwa pembeni kabisa. Yule mtoto alimfuata mwanangu. Mwamuzi alitangaza tu kwamba mkimbiaji ametoka, mchezo ukaendelea. Kijana anachechemea mpaka leo. Nilipolalamika, mzazi mwenzangu aliniambia besiboli ndivyo inavyochezwa, na baba wa kijana wangu naye anasema hata soka lina kuingiana miguuni. Kilichonikatisha tamaa zaidi ni kwamba kocha wetu mwenyewe anawafundisha vijana 'kumwondoa' mlinzi. Je, jambo hili linaruhusiwa? Na ni haki liruhusiwe? Nimtoe mwanangu kwenye timu?"*

Dada, pole sana, na kijana naye mfikishie pole zangu. Nimekuwa mwamuzi wa mechi za vijana kwa muda mrefu na swali lako nalijua vizuri. Nitakujibu yote, ila nianze na mguu, maana sheria inaweza kungoja.

Kuchechemea wiki nzima si jambo la kupaka dawa ya kuchua na kusubiri. Mtoto wa miaka 15 bado anakua. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa unarefuka, na tabaka hilo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Ndiyo maana pigo ambalo kwa mtu mzima lingekuwa kuteguka tu, kwa kijana linaweza kuwa ufa kwenye sehemu ya kukulia. Mpeleke kwa daktari wiki hii, umwambie umri wake na jinsi alivyogongwa, kwa sababu ufa wa aina hiyo wakati mwingine hauonekani vizuri kwenye eksirei ya kwanza na daktari hulazimika kuupima kwa vidole. Kama mfupa wenyewe unauma ukiubonyeza kwenye kifundo au juu yake kidogo, kama hawezi kutembea hatua nne bila kusaidiwa, kama goti limevimba, linakwama au linamwachia akisimama, au kama vidole vya mguu vina ganzi, usingoje wiki, nendeni leo. Msimkande kwa nguvu. Na muulize kama alijigonga kichwa alipoanguka. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kuchanganyikiwa ni sababu ya kumwona daktari mara moja. Kila jimbo la Marekani lina sheria inayotaka mchezaji kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe mchezoni, asirudi mpaka aruhusiwe na mtu wa afya.

Sasa tuje uwanjani. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, kwa hiyo nieleze kinachotokea pale besi ya pili, kwa sababu ukikielewa utaona kwa nini rafu hii ina mvuto wa pekee.

Mpira ukipigwa chini huku kuna mtu besi ya kwanza, mtu huyo hana hiari. Mpigaji anakuja kwenye besi yake, na besi moja haikaliwi na wawili, hivyo lazima akimbilie ya pili. Kwa kuwa analazimika, mlinzi hana haja ya kumgusa. Akiwa na mpira kwenye glavu na mguu wake uko kwenye besi, mkimbiaji ametoka, yaani hana tena haki ya kuendelea kukimbia. Kisha mlinzi anageuka na kurusha mpira besi ya kwanza ili amtoe na mpigaji. Wawili wanatoka kwa mpira mmoja, na mara nyingi hapo ndipo mechi inapogeuka.

Mtazame mkimbiaji katika ile nusu sekunde. Yeye mwenyewe ameshatoka. Kitu pekee anachoweza bado kuifanyia timu yake ni kuuharibu ule mrusho wa pili. Hana cha kupoteza, na anakuja mbio. Mchezaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani akifungulia kabisa hukimbia kama mita 8 kwa sekunde, na kijana wa sekondari yuko chini ya hapo kidogo tu. Mwanao macho yake yako upande wa besi ya tatu, ambako mpira unatoka, na mkimbiaji anatokea mgongoni kwake. Anaudaka, anageuka, anapiga hatua kuelekea besi ya kwanza, na uzito wote wa mwili unaangukia mguu wa kushoto. Njumu zimeshika udongo. Mguu uliokanyaga hivyo ukigongwa kwa ubavu hauna pa kwenda. Unyayo unabaki, goti au kifundo kinasukumwa, na kinachoachia ni kano au mfupa. Angekuwa ameuinua mguu angepinduka, akaangukia mgongo au bega, na mara nyingi hapo anabahatika.

Kuhusu sheria, yule mzazi mwenzako anazungumzia mchezo wa zamani. Ohio, kama majimbo mengi, hufuata kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya shule za sekondari, na kanuni hizo ni kali kuliko za wachezaji wa kulipwa. Mkimbiaji halazimiki kuserereka. Akiamua kuserereka kwenye besi anayolazimika kuiendea, ashuke chini kabisa na aende kwa mstari ulionyooka kutoka besi aliyotoka hadi anayokwenda. Anaruhusiwa kukengeuka ili amkwepe mlinzi, lakini kukengeuka ili amfuate ni kosa. Haruhusiwi kuinua mguu juu ya goti la mlinzi aliyesimama, wala kujiviringisha, wala kurusha teke, wala kuipita besi kisha akamgonga mtu upande wa pili. Akifanya hivyo, yeye anatoka na mpigaji anatoka pia, hata kama mpigaji alifika besi ya kwanza zamani, na wakimbiaji wengine wanarudishwa walikokuwa. Ikionekana alikusudia kuumiza, anatolewa nje ya mchezo.

Kuna jambo ambalo hata makocha hulikosea. Wengi wanadhani kosa ni lazima kuwe na mgongano. Hapana, akimfuata mlinzi nje ya mstari na kumfanya aharibu mrusho wake, ni kosa hata kama hakumgusa. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mkimbiaji aliyeserereka kwa nguvu zake zote, mwili chini, mstari umenyooka, akagongana na mlinzi aliyesimama juu ya besi, hajafanya kosa lolote. Ukiuliza sheria itakulinda na nini, ujue kwamba haikulindi na kila pigo. Inakulinda na mtu aliyekufanya wewe kuwa shabaha yake.

Kwa maelezo yako, besi ilikuwa pembeni na mkimbiaji alimfuata mlinzi. Kama ndivyo, hilo lilikuwa kosa, na mpigaji alipaswa kutolewa pia. Mbona mwamuzi alinyamaza? Mechi nyingi za shule zina waamuzi wawili tu. Yule wa kwenye besi akishaamua kuhusu mtu wa kwanza, inambidi ageuke haraka afuate mpira hadi besi ya kwanza, na mserereko unamalizikia mgongoni kwake. Jicho la kuuangalia ni la mwenzake wa nyuma ya mdakaji (yule mlinzi anayechutama nyuma ya mpigaji), ambaye anapaswa kusogea mbele aone mkimbiaji anashukia wapi. Asiposogea, hakuna aliyeona. Mimi nikiwa kwenye nafasi hiyo siangalii kabisa kama mpira umefika besi ya kwanza, mwenzangu yupo. Naangalia kiuno cha mkimbiaji kinapogusa udongo, kama ni kabla ya besi au juu yake, kisha nafuata mikono yake. Anayeitaka besi, mikono yake inaitafuta besi. Anayemtaka mtu huitanua kuelekea miguuni kwa mlinzi. Huko ndiko nia inakoonekana, na marefa wengi huko hawaangalii.

Kwa wachezaji wa kulipwa safari imekuwa ndefu zaidi, na ndiyo iliyowafanya wazazi wengi waamini kwamba kuumizana ni sehemu ya mchezo. Mwaka 1970, kwenye mechi ya nyota wa ligi, Pete Rose alimpiga kikumbo mdakaji Ray Fosse kwa bega ili afunge pointi ya ushindi. Fosse aliumia bega katika mechi ambayo haikuwa na ubingwa wowote, na Rose akasifiwa kwa moyo wake wa kupambana. Mwaka 1977, kwenye mchujo, Hal McRae wa Kansas City alimparamia Willie Randolph wa Yankees mwili mzima, wakaishia mbali na besi ya pili. Mwaka 2011 Buster Posey, mdakaji kijana wa San Francisco, aligongwa na Scott Cousins. Akavunjika mfupa wa mguu, kano za kifundo zikachanika, msimu wake ukaishia Mei. Hapo ndipo watu walianza kuuliza kwa sauti, na mwaka 2014 ikaja kanuni ya kuzuia vikumbo vya makusudi kwenye besi ya nyumbani, ile ambayo mkimbiaji akiifikia anafunga pointi.

Besi ya pili ilibaki wazi misimu mingine miwili, na ikagharimu miguu miwili. Septemba 2015 Jung Ho Kang wa Pittsburgh alivunjwa mguu na kuchanika kano ya goti baada ya Chris Coghlan kumserereka, na kwa desturi ya wakati ule wengi walisema mserereko ulikuwa safi. Tarehe 10 Oktoba, kwenye mchujo, Chase Utley wa Dodgers alimwendea Ruben Tejada wa Mets. Utley alishuka chini akiwa ameshafika usawa wa besi, pembeni yake, na mwili wake ukamchukua Tejada mguuni. Tejada alivunjika mfupa wa chini wa mguu wa kulia. Lililouma zaidi ni kwamba waamuzi walirudia video wakaona mguu wa Tejada haukuigusa besi, ulikosa kidogo tu, na Utley, ambaye naye hakuigusa, akapewa besi. Dodgers walikuwa nyuma 2-1, wakashinda 5-2. Adhabu ya mechi mbili aliyopewa Utley aliikatia rufaa, na hatimaye ikafutwa.

Msimu wa 2016 ulipoanza kulikuwa na kanuni mpya. Mkimbiaji anatakiwa aguse udongo kabla ya kuifikia besi, ajaribu kweli kuifikia kwa mkono au mguu, ajaribu kubaki juu yake, na asibadili njia ili amgonge mlinzi. Akikosa, wanatoka wawili. Siku chache tu kanuni ikaonyesha makali. Tarehe 5 Aprili Toronto walidhani wameongoza 4-3 dhidi ya Tampa Bay katika raundi ya mwisho, baada ya mlinzi Logan Forsythe kurusha vibaya. Video ikaonyesha José Bautista, akiserereka, amenyoosha mkono na kuugusa mguu wa Forsythe. Mpigaji akatolewa, pointi mbili zikafutwa, mechi ikaishia hapo kwa ushindi wa Tampa Bay, 3-2. Mashabiki wa Toronto walikasirika, na hasira yao naielewa, kwa sababu mkono ule haukumvunja mtu. Lakini uliharibu mrusho, na kanuni ilitungwa ili mlinzi arushe bila kuguswa.

Ni haki basi liruhusiwe? Wanaotetea mchezo wa zamani wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Wanasema kugeuka na kurusha huku mtu anakujia ni ufundi, na ukiondoa hofu yote umeuondoa ufundi wenyewe. Wanasema mkimbiaji anayeogopa kosa husita, na anayesita ndiye anayevunjika kifundo, kwa sababu mserereko wa nusu nusu unakwamisha njumu ardhini. Hili la pili ni kweli tupu na kila kocha amelishuhudia. Wanasema pia kwamba zamani mlinzi alikuwa na kinga yake: waamuzi walimsamehe akipita karibu na besi bila kuigusa, mradi yuko karibu, ili awahi kuondoka njiani. Tangu 2016 jambo hilo nalo linaweza kupingwa kwa video, kwa hiyo sheria ileile inayomlinda inamfunga miguu juu ya besi. Hasara hiyo ipo, na watu wa ligi huizungumzia kidogo mno.

Lakini hoja hizo zinatetea kuserereka kwa nguvu. Hakuna hata moja inayotetea kumwinda mtu, na mimi kati ya hayo mawili ndipo ninaposimama. Kuserereka kwa nguvu kwenye besi kubaki, tena kufundishwe vizuri. Kumfuata mlinzi kukatazwe katika kila ngazi, na adhabu itolewe hata pale ambapo hakuna aliyeumia. Tukingoja mguu uvunjike ndipo tupulize, vijana watajifunza kwamba kosa ni bahati mbaya tu. Sheria ikinyamaza, wachezaji hulipizana wenyewe, na huko ndiko kubaya zaidi. Aprili 2017 njumu ya Manny Machado ilimchoma Dustin Pedroia wa Boston gotini alipokuwa akiserereka besi ya pili. Siku mbili baadaye mrushaji wa Boston alimrushia Machado mpira uliopita nyuma ya kichwa chake, akafungiwa mechi nne. Pedroia mwenyewe alikuwa na goti lenye matatizo tangu kabla. Alifanyiwa upasuaji, akacheza mechi chache sana baada ya msimu ule, akastaafu mwaka 2021.

Mwambie na shemeji kwamba mfano wake wa soka ni mzuri, ila unageuka dhidi yake. Kwenye soka beki anayeserereka anaufuata mpira. Akimfyeka mtu ambaye mpira umeshamwondoka, refa hatazami kama ni mwanaume wa kuvumilia, anatoa kadi. Kwenye besi ya pili ni hivyohivyo: mkimbiaji ana besi ya kuifuata, na akiiacha akafuata mguu, amefanya rafu.

Kwa kocha wenu, nenda uongee naye faragha kabla ya mazoezi. Usiende wakati wa mechi ukiwa kwenye uzio. Hapo hakuna kocha anayesikia. Huna haja ya kumwambia ni mkatili. Mwulize tu kama anajua kwamba mkimbiaji wake akimfuata mlinzi anaipa timu pinzani watu wawili kwa zawadi. Makocha wengi wa shule walicheza wenyewe chini ya desturi ya zamani na wanaifundisha kwa mazoea, bila nia mbaya. Mwombe awafundishe wakimbiaji mambo mawili: kushuka mapema na kunyooka, na pale ambapo wameshatoka, kupinda mbali na mlinzi huku wakiendelea kukimbia. Akikataa, andika tarehe ya mechi na ulichokiona, upeleke kwa mkurugenzi wa michezo wa shule. Yeye ndiye anayewajibika, na suala la usalama wa wanafunzi hawezi kulichukulia kama malalamiko ya mzazi mmoja.

Nimtoe? Kwa hili peke yake, hapana. Ningemtoa iwapo daktari atasema hivyo, au iwapo kocha na mkurugenzi wote wawili wangekuambia kumwinda mlinzi ni sawa. Besiboli haina msongamano wa miili kama soka la Kimarekani, na kugeuka pale besi ya pili kunafundishika.

Na hilo ndilo ningependa mwanao alifanyie kazi akiruhusiwa na daktari. Asisimame mbele ya besi, upande anaotokea mkimbiaji. Aitumie besi kama kizuizi: asimame nyuma yake, mguu wa kushoto uguse ukingo wa nyuma, adake mpira, kisha ajisukume kurudi nyuma na kurusha akiwa ameshautoa mwili kwenye mstari. Mkimbiaji aliyenyooka hatamfikia, na atakayemfikia atakuwa ametoka nje ya mstari, hata mwamuzi mvivu ataona. Asiukite mguu wa kushoto kwa nguvu. Atue wepesi, na mpira ukishatoka mkononi aruhusu miguu iinuke. Mrusho ukimfikia umechelewa, achukue mtu mmoja na aondoke zake. Wiki ya kwanza ageuke bila mkimbiaji yeyote, ya pili awekwe mwenzake anayekimbia wima na kupinda kabla ya besi, na ndipo baadaye awekwe anayeserereka. Akianza kuinua mguu kwa hofu kabla ya kuudaka mpira, mrudisheni hatua moja nyuma, na mwambie kocha sababu.